Nyakati za Kiingereza kwa Mtu wa Walikale

"The pump stopped." "The pump has stopped." Mtu aliyejifunza Kiingereza katika shule ya sekondari ya Walikale atazigeuza sentensi hizi mbili kwa Kifaransa akitumia maneno yaleyale, na Kifaransa chake kitakuwa sahihi kabisa. Fundi wa zamu anayezisikia kwenye redio akiwa chini ya ardhi hazichukulii hivyo. Ya kwanza inamsimulia tukio: pampu ilisimama, labda jana, labda ilishawashwa tena na kazi ikaendelea. Ya pili inamwambia habari ya sasa hivi: pampu imesimama, maji yanapanda, mtu atafute la kufanya. Mpaka kati ya habari ya zamani na habari ya dharura umo katika neno moja fupi, na neno hilo ndilo linalowatoka wanafunzi wetu kuliko jingine lolote.

Mgodi ninaoufikiria uko Bisie, kilima kilicho ndani ya msitu wa Walikale, mashariki mwa Kongo, kiasi cha kilomita 180 kaskazini-magharibi mwa Goma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasiterite, yaani mawe yenye bati, iligunduliwa pale, na maelfu ya wachimbaji wa mikono wakawa wanapanda kwa miguu kutoka Njingala, kwenye barabara ya Walikale kwenda Kisangani. Kilima kilizungumza Kiswahili. Kinyanga na Kikumu vilikuwa lugha za nyumbani kwa wenyeji wa Walikale, Kilingala lugha ya askari, Kifaransa lugha ya karatasi zenye muhuri. Kiingereza hakikuwa na kazi pale. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin, ambayo hisa zake huuzwa Kanada na Johannesburg, ilianza kutoa bati kwa mitambo chini ya ardhi, na ripoti zake kwa wenye hisa huandikwa kwa Kiingereza. Julai 2022 Kongo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Kiingereza ndicho lugha ya mikutano na ya forodha. Tena vita vya Masisi na Walikale vimewasukuma watu wengi hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, nchini Uganda, ambako mtoto aliyeanza shule kwa Kifaransa anaendelea kwa Kiingereza. Kwa hiyo swali la nyakati za kitenzi cha Kiingereza, ambalo zamani lilikuwa la mtihani tu, leo ni swali la ajira, la usalama kazini na la ushahidi wa mkimbizi mbele ya ofisa.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mtu wa Walikale anafundishwa nyakati hizi kwa kupitia mlango usio wake. Anafundishwa kwa Kifaransa, kwa vielelezo vya Kifaransa, na mahali penye ugumu mkubwa kuliko pote Kifaransa ndicho kinachompoteza. Kiswahili chake, pamoja na kile cha Kivu ambacho mwalimu humkataza, kinazijua tayari tofauti nyingi anazohangaika kuzikariri.

Jedwali ndilo la kuondoa kwanza. Vitabu vingi vya shule huanza na orodha ya nyakati kumi na mbili, kila moja na jina lake refu, na mwanafunzi huzikariri kama majina ya mito. Kwa kweli kitenzi cha Kiingereza kina njeo, yaani alama za wakati, mbili tu zinazoonekana katika umbo lake, ya sasa na ya zamani: "dig" na "dug", "work" na "worked". Wakati ujao hauna umbo lake. Huazima kitenzi kisaidizi, "will". Juu ya njeo hizo mbili kuna mitazamo miwili ya kulitazama tendo. Mmoja huliangalia likiwa linaendelea, nao hujengwa kwa "be" na mwisho wa "-ing". Mwingine huliangalia kwa athari yake baada ya kutendeka, nao hujengwa kwa "have" na umbo la tatu la kitenzi. Majina yote kumi na mawili yanatokana na kuunganisha vitu hivi vichache.

Kiswahili kina mitambo hiyohiyo. "Alikuwa akichimba" ni kitenzi kuwa pamoja na tendo linaloendelea: "he was digging". "Alikuwa amechimba" ni kuwa pamoja na tendo lililotimia: "he had dug". "Atakuwa amefika" ni "he will have arrived", kipande kwa kipande. Mtoto wa miaka saba huko Njingala akisema "tulikuta mama alikuwa ameondoka" ameshatumia kile ambacho kitabu kitamwekea katika somo la mwisho kabisa, kikimwambia ni kigumu. Sina shaka kwamba woga wa wanafunzi wengi umetengenezwa na mpangilio wa kitabu, maana lugha yenyewe haiwatishi kiasi hicho.

Mwaka 1947 mwanafalsafa Hans Reichenbach alichapisha kitabu cha mantiki ambamo kurasa chache juu ya njeo zimewasaidia wanaisimu hadi leo. Alisema kuelewa njeo kunahitaji nukta tatu: wakati wa kusema, wakati wa tendo, na wakati ambao msemaji anasimama ili kulitazama tendo. Nukta hii ya tatu ndiyo inayokosekana darasani. Mwalimu huuliza, "Jambo limetokea lini?" Swali linalofungua mlango ni, "Wewe unayesema umesimama wapi?"

Mfano ulitokea hapohapo Bisie. Machi 2025 waasi wa M23 walikuwa wakisonga hadi mji wa Walikale, na kampuni ikasimamisha kazi mgodini. Aliyeitangaza habari hiyo siku ileile kwa Kiingereza aliweza kusema "The company has suspended operations", kwa sababu kusimama kwenyewe ndiko kulikokuwa hali ya siku ile. Aprili, waasi walipoondoka mjini, kazi ilianza tena kidogo kidogo. Kuanzia hapo sentensi ileile haisemeki tena; inabidi iwe "The company suspended operations in March". Tukio halikubadilika hata kidogo. Aliyehama ni msemaji: kwanza alisimama ndani ya matokeo, baadaye akasimama nje yake.

Kiswahili kinafanya hivyohivyo kila siku. "Kampuni imesimamisha kazi" na "kampuni ilisimamisha kazi" hazichanganywi na mtu yeyote anayekizungumza. -Me- inasimama ndani ya matokeo, -li- inaliacha tendo nyuma. Katika kukanusha tofauti ni wazi zaidi. "Gari halijafika" ni la mtu ambaye bado anangoja: "The truck has not arrived." "Gari halikufika" ni la mtu aliyekwisha kukata tamaa akalala: "The truck did not arrive." Kifaransa hapa kina umbo moja, lile linalojengwa mara nyingi kwa kitenzi cha kuwa na kitu na umbo la tatu, na katika mazungumzo ya kila siku linabeba kazi zote mbili. Ubaya wake ni kwamba kwa sura linafanana sana na "have" ya Kiingereza. Mwanafunzi anaona sura moja akadhani ni ndugu. Ndipo anapoandika "The president has suspended mining in September 2010." Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Walikale na mikoa jirani Septemba mwaka huo, na amri ikaondolewa Machi 2011. Mwezi na mwaka vikishatajwa, msemaji amesimama nje: "suspended", basi. Kiingereza hakikubali "have" ikae pamoja na wakati uliofungwa, iwe "yesterday", "last week" au "in 2010".

Mwalimu akimwambia mwanafunzi huyo aiseme kwanza kwa Kiswahili, sikio lake mwenyewe litamsahihisha mara nyingi. Nasema mara nyingi kwa sababu daraja hili la Kiswahili lina mbao tatu zilizooza, na ni afadhali mtu azijue kabla hajakanyaga.

Ubao wa kwanza ni vitenzi vya kuwa katika hali. "Amevaa helmeti" haimaanishi "he has worn a helmet". Mtu bado anayo kichwani: "he is wearing a helmet". "Amelala" ni "he is asleep", "amechoka" ni "he is tired", "amekaa" ni "he is sitting", na "nimeelewa" mara nyingi ni "I understand" tu. Kiswahili huiona hali kama matokeo ya tendo lililotimia, ilhali Kiingereza huitaja hali yenyewe. Msimamizi akiuliza kama watu wa zamu wana vifaa, na mtu akajibu "they have worn helmets", aliyeuliza anabaki na shaka kama sasa hivi wanazo au walizivaa siku fulani.

Wa pili ni kuzaliwa na mambo kama hayo. Tunasema "nimezaliwa Masisi mwaka 1994" bila kusikia kasoro, kwa sababu -me- yetu inavumilia tarehe. Kiingereza hakivumilii: "I was born". Anayejaza fomu ya ajira au ya ukimbizi atakutana na swali hili kwenye mstari wa kwanza, na ni vizuri alijue kama salamu, bila kulitafakari.

Ubao wa tatu ni wa kwetu wa Kivu hasa. Pwani watasema "ameshafika"; Goma na Walikale utasikia zaidi "alishafika", "nilishakula". Ndani yake mna -li-, na mwanafunzi akiifuata -li- ataandika "I ate" mahali panapotaka "I have already eaten". Hapa kinachoongoza ni -sha-. Palipo na -sha- pana matokeo yanayosimama, na Kiingereza cha Uingereza na cha Afrika Kusini hupenda "have" hapo. Wamarekani huridhika na "I already ate", na anayewasikia kwenye filamu asifikiri amefundishwa vibaya.

Kuna mahali ambapo lugha zote mbili, Kifaransa na Kiswahili, humvuta mwanafunzi upande mmoja, na hapo ndipo panapotaka mazoezi kuliko maelezo. "Nafanya kazi hapa tangu 2019." Kiswahili kinatumia wakati uliopo, Kifaransa pia, na mantiki inaonekana safi: nafanya, sijaacha. Kiingereza kinakataa. Kwacho, jambo lililoanza nyuma likafika hadi sasa ni lazima libebe "have": "I have worked here since 2019", au "I have been working here". Kosa la "I work here since 2019" hudumu hata kwa watu waliokwisha kupata shahada, kwa sababu hawana lugha yoyote kichwani inayowaonya. Tena "since" na "for" hugawana kazi ambayo Kifaransa humpa mmoja tu, na Kiswahili chetu cha Kongo, kwa kuiga Kifaransa, husema "tangu miaka sita". Kiingereza hutaka mwanzo baada ya "since" na urefu baada ya "for": "since 2019", "for six years". Hapa sioni njia ya mkato. Mtu aseme habari zake mwenyewe kwa umbo hili hadi ulimi ukubali: nimeishi wapi kwa muda gani, namjua nani tangu lini, nimesubiri nini tangu asubuhi.

Mahali pengine pa namna hiyo ni baada ya "when". "Gari litakapofika, tutapakia." Kuna -ta- mara mbili, na Kifaransa nacho kinaweka wakati ujao mara mbili. Mwanafunzi anaandika "When the truck will arrive, we will load." Kiingereza hutaja ujao mara moja tu, kwenye kishazi kikuu: "When the truck arrives, we will load." Bahati nzuri Kiswahili kina mlango wa pili. Badala ya "litakapofika" tunaweza kusema "gari likifika, tutapakia", na -ki- haina wakati ujao ndani yake. Ukitaka kuandika "when", "if", "before", "after" au "until" juu ya jambo lijalo, litunge kichwani kwa -ki-, au kwa "kabla halijafika", na -ta- haitakusumbua. Sheria nyingi za usalama zimeandikwa kwa umbo hili, kengele ikilia fanya hivi, moshi ukionekana fanya hivi, kwa hiyo anayelipata halipati kwa ajili ya mtihani peke yake.

Kwa upande wa mazoea na tendo la sasa, Kivu ina utajiri ambao shule inautupa. -Na- ya Kiswahili sanifu hubeba yote mawili: "ninachimba" yaweza kuwa kazi yangu ya maisha au ninachofanya dakika hii. Kiingereza hutenganisha "I dig" na "I am digging", na Kifaransa cha kawaida hutumia umbo moja. Lakini mchimbaji wa Walikale anasema "nachimbaga" kwa mazoea na "niko nachimba" kwa sasa hivi, na hawezi kuzikosea. "Nachimbaga Bisie" ni "I dig at Bisie". "Niko nachimba" ni "I am digging". Hata sura inafanana: "niko" inasimama mahali pa "I am". Mwalimu anayemwambia mtoto kwamba "nafanyaga" ni Kiswahili kibovu, kisha dakika kumi baadaye akapigana kumfundisha tofauti ya mazoea na tendo linaloendelea, ametupa chombo kilekile alichokuwa akikitafuta. Insha ya Kiswahili iandikwe kwa Kiswahili sanifu, sipingi. Kwenye somo la Kiingereza lugha ya barabarani iruhusiwe kuingia darasani na kufanya kazi.

Kinachobaki hapo ni vitenzi vinavyokataa "-ing": kujua, kutaka, kupenda, kuwa na kitu, kuelewa, kumiliki. "I am having two children" na "I am knowing him" husikika kote Afrika Mashariki, na wanaozisema wanaelewana vizuri. Mbele ya msikilizaji wa mbali, hata hivyo, "I am having" humfanya angoje kitu cha muda mfupi, kama mlo au mkutano.

Nilisema Kifaransa kinapoteza. Haki inadai niseme pia kinapookoa. Sentensi za sharti lisilo la kweli ni eneo lake. Kiswahili huweka alama moja pande zote mbili: "ningejua, ningekuja". Anayeifuata anaandika "If I would know, I would come." Kifaransa huweka wakati uliopita upande wa sharti na umbo jingine upande wa matokeo, sawasawa na Kiingereza: "If I knew, I would come." Kadhalika kwa "ningalijua": "If I had known, I would have come." Mwanafunzi aliyekaa miaka mingi shuleni ana kipande hiki tayari, na hapa mwalimu amkumbushe Kifaransa bila kusita.

Kusimulia ni somo lenye uzito wa pekee kwa watu wa Masisi na Walikale, na vitabu hulipitia haraka. Kiswahili kina -ka-. Kitenzi cha kwanza kikishatangaza wakati, vinavyofuata havihitaji kuurudia: "Walikuja usiku, wakavunja mlango, wakachukua mbuzi, wakaondoka." -Ka- inasema tu kwamba hili lilifuata lile. Kiingereza hakina kitu cha namna hiyo. Kila kitenzi hubeba alama yake ya zamani: "They came at night, broke the door, took the goats and left." Anayetafsiri kwa -ka- kichwani huandika "They came at night, break the door, take the goats and go". Rafiki atamwelewa. Ofisa anayesikiliza maombi ya ukimbizi kwa Kiingereza anaweza kuelewa kwamba walikuja mara moja, lakini kuvunja na kuchukua ni mambo wanayoyafanya siku zote. Kisha anauliza, "How many times?" na mtu anashangaa swali limetoka wapi. Ushahidi wa kweli unaanza kuonekana unajigonga, na sababu ni mwisho wa kitenzi.

Katika masimulizi hayohayo ndipo umbo la "had" linapostahili kufundishwa, kwa kuwa huko lina kazi halisi. "When the soldiers arrived, the people ran" na "When the soldiers arrived, the people had run" ni hadithi mbili. Katika ya kwanza watu waliwaona askari wakakimbia. Katika ya pili askari walikuta kijiji kitupu, na hakuna aliyewaona. Kiswahili kinatofautisha bila shida, "watu wakakimbia" na "watu walikuwa wamekimbia", na mkalimani mzuri huisikia. Anayejieleza bila mkalimani aijue mwenyewe. Kumbukumbu za mazoea ya zamani, "tulikuwa tunalima Masisi kabla ya vita", ni "we used to farm", na mtu asiongeze "were" mbele yake, maana "we were used to farm" si sentensi.

Haya yote ni maana. Umbo nalo lina mtego wake, na nadhani hautajwi vya kutosha kwa sababu unahusu sikio. Kiswahili huweka alama ya wakati mbele ya mzizi: a-li-chimba, a-na-chimba. Ukisikia mwanzo wa kitenzi umeshajua wakati. Kiingereza huiweka mwishoni, tena kwa konsonanti isiyo na irabu baada yake: "worked" inaishia kwa sauti ya t, "cleaned" kwa sauti ya d, na ni vitenzi kama "loaded" tu, ambavyo mzizi wake unaishia kwa t au d, vinavyopata silabi nzima ya ziada. Silabi za Kiswahili huishia kwa irabu, na za lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka pia. Sikio letu limezoea kuacha kusikiliza kabla ya mahali ambapo Mwingereza ameficha habari. Kifaransa kinazidisha tabia hiyo, kwa kuwa miisho yake mingi ya vitenzi huandikwa bila kutamkwa, na mtoto anajifunza mapema kwamba mwisho wa kitenzi ni kazi ya kalamu. Matokeo yake ni mtu anayeandika "we cleaned the filter" vizuri, kisha anasema "we clean the filter" kwenye redio, na aliye upande wa pili haelewi kama kazi imefanyika au ni ratiba. Dawa yake ni kusoma kwa sauti, polepole, "worked all day", "cleaned it", ambapo neno linalofuata linaanza kwa irabu na kuipokea konsonanti kama silabi yetu ya kawaida. Mwanafunzi akianza na michanganyiko hiyo, ulimi unapata pa kushika.

"Did not arrived" ni kosa jingine la umbo, na chanzo chake ni kudhani kila kitenzi kibebe wakati. Katika kukanusha na kuuliza, Kiingereza kinampa "did" mzigo wote, na kitenzi kikuu kinabaki kitupu. Kiswahili hakina kisaidizi hapo: hakufika ni neno moja. Ile "-s" ya "he works" wala haistahili aya: mtu akiisahau ataeleweka, na itakuja kwa mazoea.

Iko sababu nyingine ya kujali, nayo ni kusoma. Sehemu kubwa ya yaliyoandikwa juu ya Bisie ulimwenguni imeandikwa kwa Kiingereza. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda kundi lake la wataalamu wa Kongo kwa azimio namba 1533 la mwaka 2004, na ripoti zake hufika mezani New York. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank, ambayo kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo katika soko la hisa la nchi hiyo kueleza kama bati, tantalamu, tungsteni au dhahabu yao imetoka Kongo na majirani zake. Kuanzia hapo sentensi juu ya mgodi ikawa na bei. Chukua tatu za mfano: "Armed men taxed the miners." "Armed men have taxed the miners since March." "Armed men tax the miners." Ya kwanza inamwachia mnunuzi nafasi ya kusema hayo yamepita. Ya pili inamwambia bado yapo. Ya tatu inasema ndivyo mgodi ulivyo. Mnunuzi aliye mbali hununua au huacha kununua kwa sentensi kama hizi, na familia za Njingala hula au hulala njaa kwa uamuzi wake. Mtu wa Walikale anayeweza kuisoma ripoti na kusema, hapa mmeandika "tax" na ilipasa muandike "taxed", au kinyume chake, ana nguvu ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Wanaharakati vijana wa Kivu wanaosahihisha ripoti za mashirika wanaijua kazi hii, na ningependa walimu nao waijue, kwa sababu inampa mwanafunzi sababu ya kujali "-ed".

Ikiwa ni hivyo, mpangilio wa kufundisha unabadilika. Anza na "nachimbaga" na "niko nachimba", kwa kuwa ziko mdomoni tayari. Fuata na -li-, pamoja na mazoezi ya sikio, na usiharakishe hapo. Kisha lete -me- na -ja-, uonyeshe mbao tatu zilizooza, ukae na "since" wiki kadhaa. Sharti liazimwe kutoka Kifaransa. Masimulizi yaje na visa vya wanafunzi wenyewe, na "had" iingie kisa kinapoihitaji. Jedwali la kumi na mbili libandikwe ukutani mwishoni, kwa anayependa kuona picha nzima.

Kwa mazoezi sijaona kifaa kinachoshinda daftari la makabidhiano ya zamu, lile ambalo wanaotoka huwaandikia wanaoingia. Ukurasa mmoja huomba karibu kila njeo ambayo mtu mzima anaihitaji, na kila moja kwa sababu yake. "We drilled the left side last night": limekwisha, lina wakati wake. "The fan has broken down": limetokea na bado ndivyo lilivyo. "We are waiting for the electrician": linaendelea. "We check the gas every hour": ndiyo desturi. "The truck will come when the road dries": linakuja, na baada ya "when" hakuna "will". Mwalimu aandike ukurasa kama huo kwa Kiswahili cha pale pale, kisha wanafunzi wawili wawili wauhamishe kwenda Kiingereza, mmoja akiandika na mwenzake akimuuliza katika kila mstari: wewe umesimama wapi?